SIMU NI YAKO, LAKINI UFUNGUO UKO KWA NANI?



Katika toleo hili tunaongea juu ya jambo ambalo limefika katika mikutano mingi ya mwethya siku hizi. Vikundi vingi sasa vina simu ya kupapasa, ile ya kisasa. Mweka hazina anapokea michango kwa simu, katibu anaita mkutano kwa WhatsApp, na bei ya ndengu inaulizwa kwa simu kabla gunia halijatoka nyumbani. Lakini ni wachache waliojiuliza: ni nani anayeamua simu hii ifanye nini na ikatae nini?

YALIYOTOKEA KATIKA KIKUNDI KIMOJA

Tulialikwa na kikundi cha akina mama upande wa Mwala. Tulipofika tulikuta mkutano umewaka moto kwa sababu ya mambo mawili.

Jambo la kwanza lilikuwa la mweka hazina. Mtoto wa dada yake, aliyesomea kompyuta, alikuwa amemtengenezea programu ndogo ya hesabu. Mwanachama akituma mchango kwa M-Pesa, programu ilisoma ule ujumbe na kuandika yenyewe: nani ametuma, pesa ngapi, tarehe gani. Kitabu cha karatasi kikaachwa. Baada ya miezi mitatu simu ikaanguka ndani ya pipa la maji, ikafa. Kikundi kikanunua simu mpya. Kijana akatuma programu ile tena kwa WhatsApp. Simu ikakataa. Ilisema programu hiyo ni ya hatari.

Walienda kwa fundi Machakos mjini. Fundi akawaambia, "Mama, mimi sina shida. Anayekataa ni Google." Akaongeza kwamba anaweza kumzima yule mlinzi wa simu kabisa, lakini basi simu nzima itabaki bila mlinzi, na pesa za kikundi zimo humo. Wakaogopa, wakarudi nyumbani. Mama mmoja mzee akauliza swali ambalo hatujalisahau: "Pesa ya simu tumetoa sisi. Huyu Google ametoa ngapi?"

Jambo la pili lilikuwa la mwanachama mwingine. Alikuwa na simu ya zamani, na mtu alimtumia kiungo: bonyeza hapa upate mkopo kwa dakika tano. Akabonyeza, programu ikaingia, ikamwuliza maswali, naye akakubali yote bila kusoma. Alipata shilingi 3,000 za kulipa kwa siku saba. Siku ya nane mwenyekiti wake, mchungaji na hata mama mkwe walipata ujumbe kwamba yeye ni mwizi wa madeni. Kumbe programu ilikuwa imechukua namba zote zilizokuwa ndani ya simu. Kwa aibu alitaka kuacha kikundi.

Basi mkutano mmoja ulikuwa na malalamiko mawili yanayopingana. Huyu analia kwamba mlango umefungwa mno. Yule analia kwamba mlango ulikuwa wazi mno. Je, ni nani mwenye haki? Tunaona wote wawili wana haki, na hapa tutaeleza kwa nini.

DUKA LA PROGRAMU NI NINI?

Simu ya kupapasa bila programu ni kama shamba lisilo na mbegu. Programu ndiyo inayoifanya simu iwe redio, kitabu cha hesabu au benki. Zamani mtu alipata programu popote. Mwaka 2008 mambo yalibadilika. Mwezi wa Julai kampuni ya Apple ilifungua duka la programu za simu zake za iPhone. Oktoba mwaka huohuo Google ikafungua duka la simu za Android. Duka hilo la Google lilipewa jina la Play Store mwaka 2012.

Sisi wa vijijini karibu wote tunatumia Android. Kenya simu hizi zilianza kufikia watu wa kawaida mwaka 2011, Safaricom ilipoleta simu ya Huawei iliyoitwa Ideos kwa bei ya karibu shilingi 8,000. Siku hizi simu nyingine zinaunganishwa hapahapa kaunti yetu ya Machakos. Kiwanda cha Athi River kilifunguliwa rasmi na Rais Ruto mwezi wa Oktoba 2023. Vijana wetu wanafunga skrubu kwa mikono yao, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini sheria za kusema programu gani iingie ndani ya simu hiyo haziandikwi Athi River. Zinaandikwa Marekani.

Tofauti ya aina hizi mbili za simu ni hii. Kwa iPhone hapa kwetu, mlango ni mmoja tu, nao ni duka la Apple. Kwa Android kuna mlango wa mbele, yaani Play Store, na kuna mlango wa nyuma: unaweza kuingiza programu iliyotumwa kwa WhatsApp au iliyotoka katika tovuti, ukikubali kwanza katika mipangilio ya simu. Mlango wa nyuma ndio uliotumiwa na yule kijana mwema, na ndio uliotumiwa na yule mkopeshaji mbaya.

WAZEE WANAKUMBUKA MAHINDI

Wale wenye umri watanielewa nikisema habari ya mahindi. Kwa miaka mingi mahindi hayakusafirishwa hivihivi kutoka wilaya moja hadi nyingine. Bodi ya Nafaka ndiyo iliyokuwa mnunuzi, na mwenye mzigo alihitaji kibali. Ukibeba magunia kupita kiasi bila kibali, askari wa kizuizi alikushusha, na wengi walitoa kitu kidogo ili wapite. Serikali ilisema mpango huo unalinda chakula cha taifa na bei ya mkulima. Na kweli, mwaka wa njaa ghala la Bodi lilisaidia watu wengi huku Ukambani. Lakini mkulima aliyecheleweshewa malipo hakuwa na pengine pa kuuza kwa halali.

Mwisho wa 1993 vizuizi hivyo viliondolewa. Watu wakafurahi. Muda si muda wakaja madalali na gorogoro iliyobonyezwa kitako. Uhuru ulikuja pamoja na walaghai, na mkulima akajifunza kuwa na kipimo chake mwenyewe.

Mambo ya simu ni hayohayo. Mlango mmoja wenye askari unalinda na unafunga. Milango mingi inafungua njia, na wezi wanapita humo pia. Kwa hivyo mtu asikwambie kwamba mlinzi ni malaika, wala asikwambie kwamba ni shetani. Uliza anamlinda nani, na ukikataliwa unaweza kulalamika wapi.

MLINZI ALIPOTUSAIDIA

Tuseme ukweli, mlinzi ametusaidia. Hapo nyuma programu za mikopo ziliingia Kenya kama nzige. Nyingi zilisoma ujumbe wa M-Pesa wa mkopaji na kuchukua namba za jamaa zake, halafu zikatumia namba hizo kumwaibisha. Bunge lilibadilisha sheria Desemba 2021 ili Benki Kuu ya Kenya iwasimamie wakopeshaji wa simu, na kanuni zake zikatoka Machi 2022. Lakini Benki Kuu haina mkono ndani ya simu yako. Google inao. Mwezi wa Januari 2023 Google ilianza kudai kwamba programu ya mikopo hapa Kenya ionyeshe kibali cha Benki Kuu au ithibitishe kwamba imekiomba. Mei mwaka huohuo ikazikataza programu za mikopo kuchukua namba za watu na picha zilizo katika simu.

Mwaka 2024 Kenya ikawekwa katika orodha ya nchi ambazo Google ilijaribu ulinzi mwingine. Programu ikija kwa mlango wa nyuma, na ikiwa inataka kusoma ujumbe wako, simu inaizuia palepale. Sababu ni kwamba wezi wa pesa za simu huanza kwa kusoma ujumbe wenye namba za siri.

Sasa mmeona kwa nini programu ya yule kijana ilikataliwa. Haikuwa na ubaya. Lakini ilifanya jambo lilelile ambalo mwizi hufanya: ilisoma ujumbe wa M-Pesa. Mlinzi haujui moyo wa kijana. Anaona anachobeba tu.

MLINZI ANAPOTUUMIZA

Je, si kijana angeenda mlango wa mbele? Angeweza kujaribu. Kufungua akaunti ya mtengenezaji wa programu katika Play Store ni dola 25 mara moja. Kwa Apple ni dola 99 kila mwaka. Mtengenezaji mpya wa kawaida katika Play Store ni lazima kwanza apate watu 12 wa kuijaribu programu yake kwa siku 14 mfululizo. Na ruhusa ya kusoma ujumbe wa simu hutolewa kwa shida sana tangu 2019. Kampuni kubwa ina mawakili wa kuandika barua hizo. Kijana wa Mwala ana mwenyewe na bando la shilingi 20.

Kuna pia ada. Kwa miaka mingi maduka haya mawili yalichukua hadi asilimia 30 ya pesa za vitu vinavyouzwa ndani ya programu, kama michezo au masomo ya simu. Tangu 2021 kwa Apple na Google, mtengenezaji mdogo aliweza kukatwa asilimia 15. Ada hii haikati mchango unaotuma kwa M-Pesa wala mahindi unayouza. Lakini inamkata mwalimu anayeuza masomo ndani ya programu, na mwishowe mnunuzi ndiye anayelipa.

Tena, mlango unaweza kufungwa kwa ugomvi usiokuhusu. Mei 2019 serikali ya Marekani iliiwekea Huawei vikwazo. Simu mpya za Huawei zilizotoka baada ya hapo hazikuwa na Play Store, hata zilipouzwa Nairobi kwa Mkenya ambaye hana habari na ugomvi wa Marekani na China. Fahali wawili walipigana, nasi nyasi tukaumia.

Na Agosti 2025 Google ilitangaza jambo jingine. Ilisema kwamba hata anayepitia mlango wa nyuma itabidi awe mtengenezaji aliyejiandikisha kwao na kuthibitisha jina lake halisi. Mpango waliotangaza ulikuwa uanze Septemba 2026 Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha uenee nchi nyingine kuanzia 2027. Watengenezaji wengi duniani walipinga, hasa wale wanaotoa programu za bure kwa moyo wa kujitolea. Novemba 2025 Google ikasema itaacha njia kwa watumiaji wenye ujuzi wanaokubali hatari, na itaweka akaunti nyepesi kwa wanafunzi. Ni vizuri vijana wetu wafuatilie habari hiyo, maana inawagusa.

WENGINE WAMEFANYA NINI?

Nchi za Umoja wa Ulaya zilitunga sheria. Tangu Machi 2024 mwenye iPhone huko anaweza kutumia duka lingine, si la Apple peke yake. Huko Marekani, Desemba 2023, jopo la wananchi katika mahakama ya San Francisco liliamua kwamba Google ilikuwa imeshikilia soko la programu za Android kinyume cha sheria. Kesi hiyo ililetwa na kampuni ya michezo iitwayo Epic Games. Hatusemi haya ili mkimbilie mahakamani. Tunasema ili mjue kwamba sheria za duka ziliandikwa na watu, na watu wanaweza kuzibadilisha.

Kwa sisi Wakenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema habari zako ni zako. Programu ikichukua namba za jamaa zako na kuwasumbua, unaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ofisi hiyo imeshawatoza faini wakopeshaji wa simu mwaka 2023.

KUFULI YA PILI: SIMU YA MKOPO

Msichanganye mlinzi wa duka na kufuli ya mkopo. Mnakumbuka taa za sola za M-Kopa, zilizoanza kuuzwa 2012? Usipolipa, taa inazimwa kwa mbali. Mwaka 2020 Safaricom pamoja na Google walileta simu za Lipa Mdogo Mdogo, za kulipa shilingi 20 kwa siku. Nazo zinafungwa kwa mbali mwenye simu akikosa kulipa. Mpango huo umewapa simu watu ambao wasingeipata kamwe. Lakini mpaka malipo ya mwisho, simu hiyo bado si yako kabisa. Basi hesabu za watu wengine zisiwekwe humo peke yake. Mweka hazina akichelewa kulipa, kikundi kizima kinafungiwa nje.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Kitabu cha karatasi kisiachwe. Simu ni msaidizi wa kitabu. Kila mkutano, katibu aandike na watu wawili watie sahihi.

2. Hesabu za simu zitolewe nakala kila mwezi, katika namna ambayo simu yoyote inaweza kuisoma. Kama programu haikuruhusu kutoa hesabu zako, hiyo ni gereza. Msiingie.

3. Mjue njia isiyohitaji programu. M-Pesa inafanya kazi kwa *334# hata katika simu ndogo ya kubonyeza. Hapo hakuna duka wala mlinzi wa duka.

4. Kabla ya kuingiza programu yoyote, tazama inataka nini. Tochi inataka namba za jamaa zako kwa nini? Ukikosa jibu, ikatae.

5. Programu ya mkopo iliyotumwa kwa kiungo isiingizwe hata kidogo. Benki Kuu hutoa orodha ya wakopeshaji wenye kibali. Mtume kijana mmoja aiangalie kabla hamjaazima hata shilingi.

6. Msizime mlinzi wa simu yenye pesa. Kama kijana wenu ana programu nzuri anayotaka kuijaribu, aijaribu katika simu nyingine isiyo na M-Pesa ya kikundi. Mwulizeni pia kama inaweza kufanya kazi bila kusoma ujumbe.

7. Kabla ya kununua simu, uliza muuzaji maswali matatu: Ina Play Store? Ina kufuli ya mkopo? Itapata marekebisho ya usalama kwa miaka mingapi? Usiuziwe mbuzi ndani ya gunia.

MWISHO WA HABARI YA MWALA

Akina mama wale hawakumzima mlinzi. Walifanya kazi ya mwethya. Kila mwanachama alikuja na simu yake, akafungua ujumbe wake wa M-Pesa wa miezi ile mitatu. Aliyekuwa ameufuta alipata taarifa yake ya M-Pesa kupitia *334#. Mmoja akasoma, mwingine akaandika, wa tatu akahakiki. Ilichukua Jumamosi mbili chini ya mwembe. Mwishowe hesabu ilikamilika na hakuna aliyepoteza mchango wake. Yule kijana alibadilisha programu yake, na sasa mweka hazina anaandika mwenyewe kwa kidole, bila ujumbe kusomwa na mashine. Ni kazi zaidi kidogo, lakini haina wasiwasi.

Na yule dada wa mkopo? Kikundi kilimkopesha akalipa deni, naye analirudisha kidogo kidogo. Hakuacha kikundi.

Katika Yohana sura ya 10 Bwana wetu anaongea juu ya mlango wa zizi, bawabu na mwizi anayepanda kwa njia nyingine. Mwasome mkikutana. Bawabu mzuri ni baraka. Lakini kondoo si wa bawabu. Vivyo hivyo hesabu za kikundi ni za kikundi, hata kama mlinzi wa simu anakaa ng'ambo.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Simu ya kikundi chetu ikipotea leo, tunaweza kujua kila mtu ametoa ngapi? Kwa njia gani?
- Ni programu gani zimo katika simu ya mweka hazina, na ni nani aliyeziingiza?
- Ni afadhali mlango mmoja wenye mlinzi mkali, au milango mingi na kila mtu awe macho? Wazee waeleze walivyoona wakati wa vibali vya mahindi.
- Kuna kijana kati yetu anayejua kutengeneza programu? Tumsaidie namna gani?

Mkishajadili, mtuandikie au mpeleke majibu kwa mhamasishaji wa parokia yenu. Mungu awabariki katika kazi zenu.